Mama wa Watu

Katika mji ule, ukitaka kumtukana mtu mpaka akurushie koleo, huna haja ya kumtaja mama yake. Mwambie tu, "Utapanda wewe!" Kisha kimbia.

Mji wenyewe umejengwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba zamani lilianguka jua mahali pale, si hili letu, jingine la akiba, likatoboa ardhi na kuzama na joto lake lote. Watu waliokuwa wakifa kwa baridi wakaanza kulichimbua, na hawajaacha mpaka leo. Shimo sasa ni pana hivi kwamba ukipiga chafya ukingoni, jirani wa ng'ambo atakuombea afya kesho. Mitaa imeng'ang'ania kwenye kuta za shimo hilo, mmoja chini ya mwingine, kama sahani kabatini. Juu kabisa ni Upeponi, ambako theluji haianguki, hupita tu ikiwa na haraka zake. Chini yake ni Kengeleni, penye maduka na kengele ya zamu. Ukiteremka zaidi unafika Majivuni, kwenye matanuru, ambako shuka huanikwa nyeupe na kuanuliwa ya kijivu. Halafu Mvukeni, jirani kabisa na jua lenyewe: kuta zinatoka jasho, watoto wanatembea peku, na watu wazima wanalalamikia joto kwa sauti ya juu ili wa Upeponi wasikie.

Kwa hiyo huko kushuka ndiko kuendelea, na kupanda ndiko kuporomoka. Aliyefukuzwa kazi wanasema amepandishwa. Mzazi humbariki mwanawe, "Mungu akushushe." Na wahenga wao, waliokuwa wakitetemeka kama watu wengine, walisema: mshuka ngazi hupanda.

Fundo alizaliwa Upeponi na alikuwa bado hajashuka popote pa maana. Jina hilo lilikuwa la kazi. Alikuwa muunga kamba katika nyumba ya winchi, na kamba ya katani nene kama paja ikikatika, yeye ndiye aliyeifumua, akazisokotanisha nyuzi upya kwa sindano ya mfupa, mpaka hata aliyeikata asingejua alikata wapi. Fundo la aina nyingine, lile la moyoni, lilikuwa halijamfika. Alikuwa mtu wa kucheka. Akianguka kwenye barafu hucheka kwanza, halafu ndipo anakagua mifupa.

Kazi yake nyingine ilikuwa kusimama kando ya kamba wakati vizimba, vile vyumba vya chuma vinavyobeba watu na mizigo, vikishuka, kiganja kikiwa ndani ya glavu ya ngozi, kamba ikipita chini yake. Uzi uliolegea humfinya. Anapiga ukelele, na mwendesha winchi anabana breki. Huyo mwendesha winchi aliitwa Breki, kwa sababu ya kazi na kwa sababu ya tabia. Hajawahi kufanya haraka maishani, na hata kuzaliwa inasemekana alizaliwa baada ya mkunga kukata tamaa na kwenda zake.

Breki yenyewe ilikuwa magogo mawili yaliyobana gurudumu. Kizimba kizito kikishuka, magogo yalichemka mpaka yakanukia kama mkate ulioungua, na kwa muda mfupi pale ndipo palipokuwa mahali pa joto kuliko pote Upeponi. Fundo aliwahi kuomba mama yake awe anakaa hapo mchana.

"Asiye mfanyakazi haruhusiwi karibu na gurudumu," Breki alimjibu polepole, akiona haya. "Sheria si yangu, dada. Ingekuwa yangu ningekuwa nimeshaisahau."

Kwa hiyo mama yake alikaa nyumbani, katika chumba chenye ukuta mmoja wa barafu na mitatu inayojifunza kuwa barafu, akikohoa. Kikohozi chake kilikuwa kimeingia baridi iliyopita kama mgeni wa siku mbili, kikaona kitanda kizuri.

"Nakohoa ili mjue niko hai," Mama alikuwa akisema. "Nikinyamaza mtaanza kugawana sufuria."

Lakini tabibu wa Kengeleni alipomwekea sikio mgongoni, hakucheka. Alimvuta Fundo kando akamwambia kwamba kifua kile kinahitaji hewa ya mvuke, na kwamba baridi ijayo kikiwa bado huku juu, basi.

Hilo halikumtia Fundo hofu sana, maana mpango ulikuwapo.

Mpango ulikuwa hivi. Kabla ya hapo wakuu wa mgodi walihitaji mtu mmoja kutoka nyumba ya kina Fundo, na aliyetakiwa ni Fundo mwenyewe, akaunge kamba huko chini. Mfanyakazi akishathibitishwa hupewa chumba Mvukeni, yeye, mwenzi wake, watoto, na mama. Ndivyo sheria inavyosema: na mama. Lakini ndugu yake mdogo, aliyeitwa Tarimbo kwa urefu na wembamba, alimjia usiku wa kufunga mizigo.

"Dada, tufikirie. Wewe ukishuka, nani atabaki na Mama mpaka chumba kipatikane? Mimi? Mimi hata uji naunguza."

"Unaunguza hata maji," alisema Fundo.

"Umeona! Mimi nina mgongo, wewe una mikono. Niachie nafasi nikachimbe. Nikishuka, namshusha Mama. Naapa."

Fundo akaenda kwa nyapara akambembeleza, akamsifia mdogo wake mpaka mwenyewe akaona haya kwa uongo. Nafasi ikahamishwa. Tarimbo akashuka, na dada yake akamfungia mgongoni kigoda cha Mama. Alikuwa amekisuka kwa kamba ya winchi iliyostaafu, na kwa kuwa Mama hukaa ameegemea kushoto ili kupumzisha kifua, kigoda nacho kilikuwa kimelegea kushoto. Kwenye ukingo wake aliacha fundo bapa, alama yake, ambalo hakuna mwingine aliyejua kulifunga.

"Kiweke penye ukuta wa joto," alimwambia. "Asikikalie mtu mpaka mwenyewe aje."

Basi wakangoja. Tarimbo akathibitishwa, akaoa msichana wa Majivuni, akapata mtoto, akapata chumba. Kila mara kizimba kilileta soksi yenye punje za jua, vipande vidogo kama maharagwe vilivyobaki na joto siku chache kabla ya kuwa kokoto. Mama alizilaza kifuani. Na kupitia bomba la kusemea, lile linalotoka nyumba ya winchi hadi kila lango huko chini, maneno yalikuwa ni yaleyale: "Mwambie Mama chumba bado kinakauka. Kuta zinatoka jasho sana."

"Chumba gani hicho," Mama aliuliza, "au mwenzetu amepewa kisima?"

Wakacheka. Fundo alicheka zaidi ya wote. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko mengine.

Siku moja kamba ya kizimba cha pili ilikwaruzwa na mwamba karibu na Mvukeni, na Fundo akatumwa kwenda kuiunga hukohuko. Alishuka asubuhi. Kengeleni alifungua kitufe cha kwanza cha koti. Majivuni akafungua vilivyobaki, na wanawake waliokuwa wakianua shuka wakamtania, "Vua polepole, dada, tusije tukaona mpaka roho!" Kwenye lango la Mvukeni akakutana na mlinzi ambaye wote walimwita Bwana Hodi, kwa sababu usipopiga hodi hakuoni hata ukimkanyaga.

"Hodi!"

"Mzigo?"

"Sindano, kisu na njaa."

"Njaa iache hapa, ndani tunayo ya kututosha. Nani anasimama nawe?"

Hilo ndilo swali la lango. Anayeingia kuishi lazima awe na mtu wa kusimama naye na kusema huyu ni wangu. Ukisimama na asiye wako, au ukamficha aliye wako, mnapandishwa wote, nyumba nzima, mpaka Upeponi, bila kurudi.

"Sisimamiwi. Nimekuja kazini, narudi leo."

Akaunga kamba. Alipomaliza jua la chini lilikuwa bado linang'aa kwa wekundu kwenye nyufa za sakafu, na akaona hakuna ubaya kumshtukiza mdogo wake. Akauliza, akaelekezwa uchochoro uliojaa mabomba na soksi zilizoanikwa juu yake. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto.

Kitu cha kwanza alichokiona ni kigoda. Kilikuwa penye ukuta wa joto, kama alivyoagiza. Mdogo wangu ana adabu, aliwaza. Kitu cha pili alichokiona ni mwanamke mnene mwenye miguu mitupu, aliyekuwa amekikalia na kutia kiraka soksi. Alikuwa akikaa wima kabisa. Kigoda hakikuegemea tena kushoto.

"Karibu, mwanangu, pita. Mlango hatufungi, tutaiva."

"Shikamoo, Mama. Namtafuta Tarimbo."

"Marahaba. Mwanangu? Anatoka kazini sasa hivi. Wewe wa huko juu, naona pua imekauka. Keti."

"Ni mwanao?"

"Wa kumzaa ni binti yangu, huyu nimepewa. Lakini nakuambia, afadhali wa kupewa!" Yule mama akachoma sindano kwenye soksi. "Na maskini hana mtu. Mama yake alifunikwa na theluji. Na dada yake hivyohivyo, siku hiyohiyo."

Fundo akaitazama mikono yake, kama mtu anayehakikisha.

"Pole yake," akasema. "Ilikuwa theluji nzito?"

"Nzito! Hata kuizungumzia hataki."

Tarimbo akatokea mlangoni. Alikuwa amenenepa, na masikio yake yalikuwa mekundu kwa afya. Hayo masikio Fundo ndiye aliyeyasugua kwa viganja kila asubuhi ya utoto wao, yasije yakakatika kwa baridi. Alipomwona dada yake, wekundu ukayatoka.

"Tuzungumze nje," alisema.

"Huyu ni nani, mwanangu?" mama mkwe aliuliza.

"Mtu wa kamba," alisema Tarimbo.

Nje, chini ya soksi zinazodondosha maji, Fundo alianza yeye.

"Kumbe nimekufa na hakuna aliyeniambia. Ningevaa vizuri."

"Dada, punguza sauti."

"Maiti ina sauti?"

"Nisikilize. Mke wangu alisema bila mama yake hashuki. Tulipofika langoni, Bwana Hodi akauliza, 'Na mama?' Yule mama alikuwa amesimama pale pale na mizigo yake. Nikasema mama huyu hapa. Sikudanganya! Waliuliza mama, nikaleta mama."

"Waliuliza mama yako."

"Hawakusema yako. Walisema mama."

Fundo alikuwa amefumua kamba nyingi maishani, na alijua namna uzi mmoja unavyoweza kuvutwa taratibu mpaka kamba nzima ikawa si kamba. Lakini hakuwahi kuona ikifanywa kwa neno dogo kama hilo, tena neno la kwanza ambalo wote wawili walijifunza kulitamka.

"Na theluji?" akauliza. "Walikuuliza theluji pia?"

Tarimbo akatazama soksi. "Ningesemaje kwa mke wangu? Kwamba ninaye mwingine, nimemwacha? Dada, nafasi itapatikana. Yule mama naye si kijana."

Ilimchukua Fundo muda kidogo kuelewa. "Unangoja huyu afe ili umlete yule?"

"Sijasema hivyo."

"Na huyu ndani anakutilia soksi kiraka."

"Nimekwambia sijasema hivyo!"

"Chumba kimekauka lini?" Fundo aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

Ndani, mama mkwe alikuwa akiimba kwa pua.

Fundo alipopanda siku ile, alifunga vitufe vyote vya koti Majivuni, na hakuna mwanamke aliyemtania. Sasa alikuwa na mafundo ya aina zote mbili.

Hakumwambia Mama. Angemwambiaje? Alikaa nalo, likakaa naye, na polepole likajisuka kuwa mpango, na mpango wenyewe haukuwa mzuri. Langoni kuna swali moja tu, nani anasimama naye. Basi ampeleke Mama mpaka pale, mchana, zamu ikitoka, watu wakiwa wamejaa. Tarimbo aitwe. Aseme "wangu", nao wote wajue alivyofanya. Au aseme "si wangu" mbele ya uso uliomzaa, aone kama ulimi utatii. Fundo aliamini ulimi hautatii. Alimjua mdogo wake.

"Mama," alisema asubuhi moja, "chumba kimekauka."

Mama akaomba shali yake nzuri.

Breki aliwafungulia kizimba yeye mwenyewe na akashusha polepole hata kuliko kawaida yake. Mama alishika vyuma na kutazama mitaa ikipanda mbele yake. Kengeleni aliwapungia mkono watu asiowajua. "Wenye maduka hawa, ukiwapungia wanadhani una deni lao, wanakuheshimu." Majivuni alikohoa, akaangalia matanuru, akasema, "Kwa hiyo hapa ndipo mkwe wangu alipopikwa." Na hewa ya mvuke ilipoanza kupenya, alinyamaza, akavuta pumzi, akavuta nyingine. Fundo alisikia kifua cha mama yake kikifunguka kama mlango uliokwama miaka. Hakuna mkorogo. Hakuna filimbi. Pumzi tupu.

"Ala!" alisema Mama. "Kumbe hivi ndivyo watu wanavyopumua."

Fundo nusura apige kengele ya kurudi. Hakuipiga.

"Hodi!" aliita langoni. Zamu ilikuwa inatoka. Watu weusi kwa vumbi walikuwa wakipita wakicheka, koleo mabegani.

"Nani anasimama naye?" aliuliza Bwana Hodi.

"Mwanawe. Tarimbo."

Mlinzi akakunja uso. "Tarimbo ana mama yake ndani. Namfahamu, ananidai sindano."

"Muite."

Hakukuwa na haja ya kumwita. Alikuwa anakuja na wenzake, mrefu kuliko wote, akisimulia kitu kwa mikono. Akawaona. Mikono ikabaki hewani.

"Tarimbo," alisema Bwana Hodi, na watu wakapunguza mwendo kama wanavyofanya watu. "Mama huyu anasema ni wako. Unasimama naye?"

Tarimbo alimtazama mama yake, na Mama akamtazama. Alikuwa ameanza kutabasamu, lile tabasamu la mtu anayeona mche wake umekua. Mkono wake mmoja ulikuwa tayari umenyanyuka kwenda kwenye sikio la mwanawe.

"Huyu," alisema Tarimbo. "Huyu ni mama wa watu tu."

Kumbe ulimi ulitii.

Fundo akafungua kinywa. Alikuwa na maneno yote tayari, ameyapanga kwa siku nyingi kama zana mkobani: kigoda, theluji, nafasi aliyoiacha. Lakini Mama alikuwa mwepesi kuliko yeye. Ule mkono uliokuwa ukielekea sikioni uliendelea, ukapita, ukarekebisha shali.

"Ai, samahani, Baba," alimwambia Bwana Hodi, kwa sauti yake ya utani. "Nimekosea mlango. Macho ya uzee! Wangu naye ni mrefu hivihivi, lakini pua yake ni nzuri zaidi."

Watu wakacheka. Bwana Hodi akacheka. Tarimbo hakucheka.

"Mama!" Fundo alisema. "Mama, mwambie—"

"Na huyu binti anayenisindikiza ananisikiliza mimi, naye anakosea nami. Twende, mwanangu. Tumewachelewesha watu wenye njaa."

Akageuka, akaingia kizimbani kwa miguu yake mwenyewe.

Walipanda. Mvuke ukabaki chini, na kikohozi kilikuwa kinawangoja Majivuni, kama mtu aliyewawekea nafasi. Mama alikohoa mpaka akainama. Alipoinuka alisema bila kumtazama bintiye:

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ukanileta nione."

"Nilitaka wao waone. Mama, ungesema neno moja tu! Ungelala leo kwenye joto. Angelazimika—"

"Wangempandisha. Na mkewe, na yule mtoto ambaye hata sijamwona masikio. Na huyo mama mwenzangu aliye kwenye kigoda changu." Akakohoa. "Nilishakisikia, hicho kigoda, namna ulivyokuwa ukikizungukia kwa maneno siku zote hizi."

"Amekukana mbele ya watu!"

"Nilikuwepo."

"Na ukamsaidia!"

Kengele ya Kengeleni ikalia, ikapita, ikabaki chini yao.

"Na mimi?" alisema Fundo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hapakuwa na kicheko mahali popote ndani ya sauti yake. "Mimi niliyemwachia nafasi, niliyekuogesha, niliyesimama pale kama mwongo mbele ya watu. Ukimchagua yeye, mimi unaniweka wapi?"

"Wewe hujawahi kuniomba kitu," alisema Mama. "Mtoto asiyeomba, mkono wa mzazi humpita. Ni vibaya. Nimekufanyia vibaya, na ningekufanyia tena." Kisha, kwa kuwa hakuweza kujizuia hata kwenye baridi ile, "Na pua yake kweli ni mbaya. Hiyo sikudanganya."

Fundo hakucheka. Kamba ilipita juu ya vichwa vyao, na akagundua kwamba amenyoosha kiganja kuielekea kwa mazoea, bila glavu.

Breki aliwaona wamerudi. Aliwafungulia, akamtazama Mama aliyekuwa bluu midomoni, akamtazama Fundo, akakuna kidevu. Kidevu kile kilikunwa kwa muda mrefu sana.

"Hili bomba," alisema hatimaye, akionyesha bomba la kusemea. "Linanisumbua. Wakiita kutoka chini, nikifika bombani aliyeita keshaenda kula, keshalala, keshazaa. Nahitaji mtu wa kukaa hapa kando kulijibu."

"Hapo kando ya breki?" aliuliza Fundo.

"Ndipo lilipo. Nilihamishe?"

"Na huyo mtu anakuwa mfanyakazi."

"Sasa dada, anayejibu bomba ni nani, mgeni?" Breki alionekana kuchoka kwa haraka aliyoifanya. "Ni wewe tu hukuniuliza vizuri mara ile. Uliomba akae. Hukuomba kazi."

Hivyo ndivyo Mama alivyoajiriwa. Fundo akamsukia kigoda kingine, naye akakikalia akiegemea kushoto. Hewa ile haikuwa ya mvuke wa Mvukeni, na tabibu alikuwa ameona kifua vizuri, hakuna aliyejidanganya. Lakini vizimba vilivyoshuka vilikuwa vizito. Wenye nacho walishusha makabati, vitanda, mapipa, wake zao waliovaa vizuri, na kila walichoshusha kilibana breki na kuichemsha, na joto lote hilo la watu wanaoendelea lilibaki juu, kifuani mwa Mama. Alijibu bomba kwa namna ambayo watu wa malangoni walianza kuita bila sababu. "Hapa Upeponi, tumekufa wote, acha ujumbe."

Soksi za Tarimbo ziliendelea kuja. Fundo alipokea ya kwanza, akaipima mkononi, ingali na joto. Akaifunga mdomo kwa fundo lake bapa na kuirudisha na kizimba kilekile, bila kuifungua. Ya pili hivyohivyo. Mama aliona. Hakusema kitu, na Fundo hakuomba aseme.

Baada ya ya tatu, bomba likaita mchana, Mama akiwa amesinzia, kidevu kifuani. Fundo akachomoa kizibo.

"Dada?" Sauti ya Tarimbo ilifika ikiwa nyembamba, imechujwa na mitaa yote. "Dada, ni wewe? Soksi zinarudi. Zote zinarudi. Mbona zinarudi?" Halafu, haraka, kama mtu anayevuka barafu anayoisikia ikipasuka, "Mama yuko?"

Fundo aliisikia hofu ile, na aliijua ni ya kweli. Hilo halikumsaidia. Akainamisha kinywa kwenye bomba.

"Mama yupi?" akauliza.

Bomba likanyamaza. Lilinyamaza mpaka chini kabisa. Aliweza kusikia mvuke, na mbali huko mtu akicheka jambo jingine, na pumzi ya mdogo wake ikiingia na kutoka, pana, safi, bila filimbi.

"Dada," alisema Tarimbo. "Dada, tafadhali. Yuko au hayuko?"

Mkono ukamgusa kiwiko. Mama alikuwa macho. Alikuwa macho tangu mwanzo, kwa namna alivyomtazama. Akanyoosha kiganja kuomba bomba, kimya.

Fundo hakutaka kumpa. Alibaki amelishika, na alijua Mama akilitia mdomoni atasema, Niko, mwanangu, sina shida, umekula? Atasema hivyo, na itakuwa kama langoni kwa mara nyingine, na safari hii atashuhudia kwa karibu zaidi.

"Ni kazi yangu," alisema Mama taratibu. "Au nimefukuzwa?"

Fundo akampa.

Mama alilisogeza bomba mdomoni. Alisubiri kikohozi kimoja kipite, na hakukificha, akakiacha kishuke chote, mtaa kwa mtaa.

"Umekosea bomba, mwanangu," alisema, kwa sauti ileile ya utani aliyoitumia langoni. "Huyu ni mama wa watu tu."

Akarudisha kizibo mahali pake, akakikandamiza kwa kiganja, na kiganja kikabaki pale juu ya kizibo. Bomba likaita chini yake. Likaita tena. Mama alitazama mbele, na Fundo, ambaye hakuomba, akakaa chini sakafuni akaegemeza kichwa kwenye goti la mama yake.

Nje Breki alikuwa anafunga mlango wa kizimba kilichojaa makabati ya mtu anayehamia Mvukeni. Gurudumu likaanza kulia.

"Sogea huku," alisema Mama, bila kuuondoa mkono. "Huyu ni mzito. Joto linakuja."